Nyumba ya pembe nne inatosha kuanza

Familia nyingi zinazorudi Sake na Masisi zinaanza kujenga bila pesa ya kutosha. Maoni yangu: tuanze na nyumba ya pembe nne, paa la pande mbili. Kila kona ya kuongeza inaomba nguzo, misumari na siku za fundi. Tena pale mapaa mawili yanapokutana, maji ya mvua huingia. Pimeni nyumba kufuatana na urefu wa mbao na mabati, fundi asikate ovyo. Hapa Goma mawe ya volkano tunayo: yawe msingi, mbao zisioze upesi. Na wenye kutoa misaada wamuulize fundi wa mtaa kabla ya kuchora. Chumba cha pili kitafuata, mvua haingojei.