Saa za kusubiri ndege zisipotee bure

Aghalabu Mwafrika huzijua nchi za wenzake kupitia dirisha la ndege. Hutua, akaongozwa hadi kwenye ukumbi wenye taa nyingi, akaketi saa nane au kumi akiukodolea macho ubao wa safari, kisha akapanda ndege nyingine na kwenda zake. Akirejea nyumbani huwaambia jamaa zake kwamba amefika Addis Ababa. Ukweli ni kwamba hakufika Addis Ababa. Alifika uwanja wa ndege, na viwanja vya ndege hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Nimeutaja mji huo kwa makusudi. Shirika la ndege la Ethiopia, lililoundwa mwaka wa 1945, limeufanya uwanja wa Bole kuwa njia panda ya bara letu. Mkenya anayekwenda Bamako au Niamey huenda akapitia hapo. Uwanja wenyewe umo mjini, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Isitoshe, Mkenya haulizwi viza anapoingia Ethiopia. Pasipoti yake yatosha. Shirika hilo pia huwapa baadhi ya abiria malazi na chakula, kwa masharti yake, iwapo wanalazimika kusubiri zaidi ya saa nane. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoyajua haya kabla ya kufunga safari?

Bila shaka busara yahitajika. Msafiri aliye na saa chini ya sita na abaki ukumbini, asije akaachwa na ndege. Lakini aliye na saa kumi za mchana, akitoa mbili za kutokea na tatu za kurejea, amebakiwa na saa tano kamili. Saa tano zatosha kuingia katika Makumbusho ya Taifa na kuiona nakala ya mifupa ya Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinknesh, aliyefukuliwa huko Hadar mwaka wa 1974 na ambaye umri wake ni miaka yapata milioni 3.2. Zatosha pia kupita mbele ya Jumba la Afrika, ambamo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzishwa mwezi wa Mei 1963, wakati ambapo Kenya yenyewe ilikuwa ingali inasubiri uhuru wake. Na zatosha kuketi kwenye kigoda na kuandaliwa kahawa kwa taratibu za wenyeji, kikombe cha kwanza hadi cha tatu.

Kikombe hicho cha tatu huitwa baraka. Sisi tulilipata neno hilo kutoka Kiarabu, nacho Kiamhari ni lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu. Aidha, mgeni kutoka Ulaya hubabaika anapoambiwa mjini humo kwamba basi huondoka saa tatu asubuhi, kwa kuwa saa yake ya mkononi humwonyesha tisa. Mswahili habaibaiki hata kidogo. Waethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko, sawasawa na tufanyavyo sisi. Akumbuke tu kwamba tiketi ya ndege huandikwa kwa saa za kimataifa! Mambo kama haya hayajulikani kwa kuketi ukumbini. Hujulikana kwa kutoka nje, na ndiyo yanayomfunza Mwafrika kwamba jirani yake si mgeni kama alivyodhani.

Hapa ndipo suala hili linapokoma kuwa la starehe na kuwa la siasa. Mnamo Januari 2018, katika mji uo huo wa Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya kuwawezesha Waafrika kusafiri huru barani mwao. Nchi zaidi ya 30 zilitia saini. Hata hivyo, zilizoiidhinisha hazijafikia 15 zinazohitajika ili itifaki ianze kutumika. Kwa hiyo Mwafrika mwenye pasipoti ya nchi isiyo na mapatano kama yetu na Ethiopia huweza kuketi kilomita chache kutoka mji mkuu wa bara lake, asiruhusiwe kuukanyaga bila ya fomu na malipo.

Na sisi je? Kenya iliondoa viza mwanzoni mwa 2024, ikaleta idhini ya usafiri ya kielektroniki ambayo nayo ilikuwa na ada. Wengi walilalamika kwamba lililobadilika ni jina tu. Mwaka wa 2025 serikali ilisikia, ikawaondolea raia wa nchi nyingi za Afrika sharti hilo. Hatua hiyo yafaa kupongezwa. Lakini mlango uliofunguliwa pasipo mtu kuambiwa hauna tofauti kubwa na mlango uliofungwa.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka wa 1946, ina kilomita 117 za mraba, nayo haiko mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta. Katika makavazi yetu ya taifa hufadhiliwa mifupa ya kijana wa Turkana, iliyopatikana mwaka wa 1984. Tangu 2022 barabara ya juu imepunguza udhia wa msongamano kwa wanaomudu kuilipia. Ikiwa Mghana au Mzambia atashinda uwanjani mwetu saa kumi bila ya kuona hata kimoja katika hivi, tutakuwa tumepoteza fedha zake, na zaidi ya fedha, tutakuwa tumempoteza shahidi ambaye angekwenda kutusimulia kwao.

Wapo watakaosema kwamba usalama hauruhusu, au kwamba mgeni atanaswa kwenye foleni ya magari na kuachwa na ndege. Hoja hizi zina uzito, lakini dawa yake ni utaratibu wala si kufuli. Abiria waelezwe haki zao wakingali ndani ya ndege. Pawe na dirisha maalumu la wapitao kwenye idara ya uhamiaji. Nauli za teksi zibandikwe hadharani, na magari ya ziara fupi yaondoke na kurejea kwa saa zinazojulikana.

Msafiri naye ana wajibu wake: aulize kabla ya kununua tiketi, apige hesabu ya saa zake, kisha atoke. Wahenga walinena kwamba mgeni aje, mwenyeji apone. Mgeni tayari amekwisha kuja, naye ameketi ukumbini pale Embakasi. Lililobaki ni kumkaribisha ndani.