Samaki wa anko: tunaogopa kitu sicho

Wadau, likizo nilikuwa Geita kwa anko. Nikakuta sebuleni tangi la kioo la lita 200, maji ya chumvi, na ndani kasamaki kembamba kama kidole, eti kana sumu. Wenzake wakipata hela ya dhahabu wananunua gari, yeye kanunua bahari! Anti kapiga marufuku watoto kusogea.

Mimi naona hofu hiyo imekaa pabaya. Yule ni bleni wa jamii ya Meiacanthus, na ndugu zake wapo kwenye miamba ya pwani yetu. Taa anachoma kwa mwiba, huyu anang'ata: ana meno mawili marefu taya la chini, yenye tezi za sumu. Akimezwa na samaki mkubwa anamng'ata humohumo mdomoni, yule anatetemeka, anaachama, naye anatoka zake mzima. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta sumu hiyo haiwaumizi sana panya, ila inashusha presha. Basi usimshike mkono mtupu, yaishe.

Wa kuogopa ni samaki mwenyewe. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi lile linakula kilo 7, na ya jikoni haifai. Pampu nayo inataka umeme usiku na mchana. Siku ya tatu umeme ukakatika, jenereta haina mafuta. Tulikaa na anko tunachota maji kwa jagi na kuyamwaga tena humohumo ili hewa iingie, mpaka saa tisa usiku. Bleni yuko juu kabisa, anahema. Nikamwambia, "Anko, kama unampenda huyu usimletee mwenzake." Akacheka tu.

Jamani, si Ziwa Victoria lipo hapo Nkome? Kama ni kufuga, afuge furu! Wana rangi, hawadai chumvi, na aina nyingi zimepotea tangu sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950. Anko anasema furu ni kitoweo, mgeni gani atamshangaa? Hapo ndipo tulipokorofishana kidogo.

Juzi kanipigia simu hapa chuoni. Bleni mzima, na sasa kuna betri ya akiba. Ila bado anaulizia bei ya wa pili.