Mcheza Kwao Asiyetuzwa

Mcheza kwao hutuzwa, husema wazee wetu. Methali hiyo utaiona kweli arusini, mwimbaji anapotunzwa noti hadi mikono ikamjaa. Lakini mtazame mpiga udi aliyekaa nyuma yake, au mpiga fidla aliyeinamisha shingo juu ya nyuzi zake. Wangapi katika hao wanaotunza wanalijua jina lake? Na yule mshairi aliyetunga maneno yanayowaliza watu, huenda hata sahani ya pilau hakuiona. Kwa hivyo, ndugu msomaji, nakuletea kisa cha mbali kuhusu jambo hili lililo karibu nasi.

Kisa chenyewe ni cha Danny Kirwan, mpiga gita wa Kiingereza. Najua wako watakaoguna na kuuliza: sisi na muziki wa roki, wapi na wapi? Jawabu langu ni kwamba ala za nyuzi ni ukoo mmoja. Hata luti, ala ya kale ya Wazungu, jina lake limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi udi. Tena kusahauliwa hakuna kabila.

Kirwan alizaliwa Brixton, London, mwezi wa Mei 1950. Mwaka 1968, akiwa na miaka 18 tu, alichukuliwa na bendi ya Fleetwood Mac, iliyokuwa ikiongozwa na Peter Green, fundi mkubwa wa gita. Mwisho wa mwaka huo bendi ilitoa Albatross, muziki mtupu usio na mwimbaji, na mapema mwaka 1969 ukashika nafasi ya kwanza huko Uingereza. Ukiusikiliza utasikia magita yakienda sambamba, mithili ya mashua mbili katika upepo mmoja. Mmoja wa wapigaji hao alikuwa kijana Kirwan. Green mwenyewe alikiri baadaye kwamba lau si Danny, kazi ile isingalifanyika. Lakini dunia ilimjua Green.

Katika santuri ya Then Play On ya 1969, karibu nusu ya nyimbo alizitunga Kirwan. Mwezi wa Mei 1970 Green akaondoka bendini, akili yake ikiwa imeanza kutaabika. Mapema mwaka 1971 mpiga gita wa tatu, Jeremy Spencer, naye akawaacha wenzake huko Los Angeles akafuata kundi la dini. Mzigo wa bendi ukawaelemea waliobaki, na sehemu kubwa ikawa juu ya mabega ya kijana aliyekuwa bado hajatimiza miaka 21. Santuri ya Bare Trees ya 1972 ina vipande 10; vitano ni vyake, na hata jina la santuri ni la wimbo wake.

Sisi wapenzi wa mashairi tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Kirwan alikuwa akichukua shairi lililokwisha kuandikwa na kulitilia sauti, kama wafanyavyo mafundi wetu wa tarabu. Wimbo wake Dust ameutoa katika shairi la Rupert Brooke, aliyekufa wakati wa vita mwaka 1915. Na Dragonfly, wa 1971, ni shairi la W. H. Davies wa Wales. Davies huyu alikuwa mzururaji. Alitangatanga Marekani na Kanada kwa miaka, akapoteza mguu akidandia gari la moshi, kisha akaandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1908, kikampa jina. Yeye alitoka barabarani akaingia katika heshima. Kijana aliyelitilia shairi lake sauti akaja kwenda njia hiyo hiyo kinyumenyume.

Kwani Kirwan alikuwa mtu wa wasiwasi, mwepesi wa machozi na hasira, na ulevi ulikuwa umemshika. Mwezi wa Agosti 1972, bendi ikiwa safarini Marekani, alilipiga gita lake ukutani likavunjika, akakataa kupanda jukwaani. Wenzake wakapiga bila yeye, naye akiwatazama. Baada ya hapo akafukuzwa, umri wake miaka 22. Alitoa santuri tatu peke yake kati ya 1975 na 1979, lakini hazikuvuma. Kisha akazama. Katika miaka ya 80 na 90 aliishi London bila makao, na mwaka 1993 mwandishi wa gazeti alimpata katika hosteli ya wasio na nyumba. Huku nyuma bendi ile ile, ikiwa na watu wengine, ilikuwa imetoa Rumours mwaka 1977, santuri iliyouza zaidi ya nakala milioni 40. Wengi walioinunua wakadhani bendi ilianzia hapo.

Mwaka 1998 jina lake liliingizwa pamoja na ya wenzake katika jumba la heshima la muziki wa roki huko Marekani. Hakuhudhuria. Alifariki London tarehe 8 Juni 2018, akiwa na miaka 68.

Wako wasemao: alijitakia mwenyewe, pombe ndiyo iliyomwua. Mimi sisimami kuitetea pombe, inajulikana itendayo. Wala siwalaumu sana wenzake, waliokuwa vijana nao, na watu walikwisha kulipa viingilio wakingoja kusikia muziki. Bendi haiendeshwi na mtu anayevunja ala yake dakika chache kabla ya kazi. Hayo nayakubali. Lakini kumwondoa mgonjwa jukwaani ni jambo moja, na kulifuta jina lake katika kazi yake ni jambo jingine. La kwanza huenda likawa dharura. La pili ni dhuluma, na hiyo haikutendwa na bendi peke yake. Ilitendwa na kila aliyefurahia sauti bila kuuliza ni mkono wa nani.

Kulitaja jina si kumsifu mtu bure. Kwa msanii jina ndilo shamba lake: kwalo huitwa kazini, kwalo hudai haki yake, na kwalo akianguka hupatikana wa kumtafuta. Asiyejulikana jina, hata akitoweka hakuna agutukaye.

Basi turudi kwetu. Tarabu inapopigwa redioni, mtangazaji hututajia mwimbaji akatosheka. Kwa nini asimtaje mtunzi wa shairi na mpiga udi? Mwenye kurekodi kwa nini asiyaandike majina ya wote? Na wewe mwenye arusi, unapotunza, kwa nini mkono wako usifike safu ya nyuma? Haya hayana gharama kubwa. Tuzo ya Kirwan ilikuja akiwa hana tena nguvu ya kwenda kuipokea. Wa kwetu tuwatunze wakiwa bado wameshika ala zao mikononi.