Nizi: virusi ya kompyuta inasafiri ndani ya mfuko wa suruali

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni Microsoft ya Marekani iliacha kuhudumia bure Windows 10, ile programu yenye inaendesha kompyuta nyingi za okazyo, zenye zilitumiwa kwanza kwingine kabla ya kuuzwa Bunia na kupelekwa vijijini. Kuacha haina maana kwamba mashini inazimika. Inawaka asubuhi kama kawaida, Word inafunguka, nyimbo zinacheza. Kitu chenye kimeisha ni kazi yenye mwenye kompyuta hakuwa anaiona: kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft ilikuwa inaziba matundu yenye wezi wa kompyuta wanapitia. Matundu yenye yatagunduliwa kuanzia sasa yatabaki wazi kwa kila mashini yenye haikuandikishwa kwa huduma ya nyongeza.

Kule Nizi, katika territoire ya Djugu, kaskazini mwa Bunia, mtu mwenye kompyuta nyumbani anaweza kusikia habari hiyo na kuendelea na kazi yake. Jibu liko tayari mdomoni: mashini yangu haiko na intaneti, mwizi atapita wapi? Mega ni bei kali, rezo inakuja na kwenda, wengi wanafungua intaneti kwa simu tu. Jibu hilo liko na akili, lakini linasahau kitu kimoja. Mahali kama Nizi, njia kubwa ya virusi haiko intaneti. Ni flashi.

Fuata flashi moja kwa siku mbili tu. Mkuu wa shule anaandika orodha ya wanafunzi nyumbani jioni, wakati betri ya solere imejaa. Kompyuta iko, lakini mashini ya kuchapisha hakuna, basi kesho yake flashi inapelekwa ku sekretaria, kile kibanda cha kuchapisha na kufanya fotokopi. Kijana wa pale anaiingiza katika kompyuta yenye imekwisha kupokea flashi za asubuhi yote: ya mwanafunzi mwenye amekuja na TFC yake, ya kanisa yenye iko na programu ya mazishi, ya mtu wa shirika na ripoti, ya kijana mwenye anataka tu kutiliwa nyimbo na filme. Hakuna mwenye anauliza flashi ya mwenzake ilitoka wapi. Orodha inachapishwa, franka zinalipwa, flashi inarudi nyumbani na mgeni mwenye hakualikwa. Usiku watoto wanataka kuona filme, flashi inaingia tena. Hapo virusi imefika, na hakuna mtu mwenye alinunua hata mega moja.

Ugonjwa wenye unajulikana zaidi ni ule watu wanaita virusi ya raccourci. Unafungua flashi, unakuta mafaili yako yote yamegeuka raccourci, yaani ile picha ndogo yenye mshale. Wengi wanashtuka, wanasema kazi imepotea, kisha wanaformata flashi. Hapo ndipo kazi inapotea kweli. Virusi ya aina hii mara nyingi haijafuta kitu: imeficha mafaili ya kweli, halafu imeweka mahali pake mlango wa uongo wenye jina lile lile. Ukibonyeza mara mbili, mlango unafanya mambo mawili pamoja: unawasha virusi, kisha unafungua faili lako ili usishuku kitu.

Dawa yake haiombi pesa. Kwanza flashi ipimwe na antivirusi yenye kufanya kazi. Kisha, katika ile sehemu ya kutafuta ya Windows, uandike cmd, dirisha jeusi lifunguke, na ndani yake uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huku ukibadilisha ile E kwa herufi yenye kompyuta yako imepa flashi. Mafaili yenye yalifichwa yanarudi kuonekana. Zile raccourci za uongo unazifuta. Kijana wa sekretaria mwenye anajua mstari huo mmoja ameokoa TFC ngapi? Na mwenye haujui anaendelea kuformata.

Kusema kwamba kompyuta bila intaneti iko salama, hata wakubwa walidanganyika hapo. Mwaka 2010 ulimwengu ulijua juu ya virusi yenye jina Stuxnet. Ilikuwa imeingia ndani ya mitambo ya kusafisha uranium ya Natanz, nchini Iran, mahali penye kompyuta za kazi zilitengwa na intaneti kwa makusudi. Ilisafiri kwa flashi, na tundu moja lenye ilitumia lilikuwa katika namna Windows inaonyesha zile raccourci. Kuona tu picha kwenye flashi kulitosha. Microsoft iliziba tundu hilo mwaka ule ule wa 2010, na mwaka 2011 ikatuma pia matengenezo ya kuzuia flashi isianze programu yenyewe mara tu inapoingizwa. Lakini kuziba kunasaidia ule mwenye amepokea kizibo.

Na hapa kuna jambo lenye watu hawapendi kulisema waziwazi. Windows nyingi zenye zinapakiwa kwa kompyuta za okazyo haziko za kununuliwa. Ni za kuvunjwa, crack. Mtu mwenye anaipakia anakuwa na programu ndogo ya kudanganya Windows kwamba imelipiwa, na antivirusi ya Windows yenyewe, ile Defender, inaitambua kama hatari. Basi fundi anafanya nini? Anazima Defender, anapakia crack, kompyuta inakubali, mteja anapewa mashini yake. Mara nyingi hakuna mwenye anawasha Defender tena. Mteja anarudi nyumbani na nyumba yenye mlinzi alifukuzwa siku ya kwanza, na hakuna mwenye alimwambia.

Si kusema kila fundi ni mwizi. Windows ya kweli ni bei, na mteja mwenyewe ndiye anaomba rahisi. Lakini hasara ya crack inajulikana. Kuna familia ya virusi yenye inaitwa STOP, wengine wanasema Djvu, yenye ilienea sana kwa watu wa nyumbani kupitia crack za programu na michezo. Inafunga kila picha, kila Word, kila Excel kwa ufunguo, halafu inaacha barua: ulipe dola 980, au dola 490 kama unalipa ndani ya saa 72. Mwaka 2019 kampuni Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua mafaili yenye yalifungwa na aina za zamani za virusi hiyo, lakini kwa nyingi za baadaye hakuna njia ya hakika. Kwa mwalimu wa Djugu, dola 490 si pesa ya kutafuta ndani ya siku tatu. Na hata mwenye analipa hana uhakika, sababu anamlipa mwizi.

Sasa, mtu anaweza kuamua nini kama kompyuta yake iko na Windows 10? Windows 11 iko, lakini inadai mashini yenye nguvu fulani na kile kidude cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Kwa kawaida kompyuta zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane haziruhusiwi, na okazyo nyingi ni za umri huo. Kwa watu wa nyumbani, Microsoft ilitangaza mwaka mmoja zaidi wa matengenezo ya usalama, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kufungua konti ya Microsoft na kuunganisha nayo mipangilio ya kompyuta. Njia ya tatu ni kuacha Windows kabisa na kupakia Linux, kwa mfano Mint ao Ubuntu, zenye ni za bure bila kuvunja kitu na zinatembea vizuri kwa mashini za zamani. Virusi za raccourci za Windows hazipati nguvu pale. Shida ni kwamba Word yenyewe haimo, inatumika LibreOffice, na hati yenye imepangwa vizuri nyumbani inaweza kufika ku sekretaria ikiwa imeharibika mistari. Ukiigeuza PDF kabla ya kwenda, shida hiyo inaisha.

Mtu mwenye atabaki na Windows 10 bado iko na kitu cha kushika. Microsoft ilisema Defender kwa Windows 10 itaendelea kupokea orodha ya virusi mpya mpaka Oktoba 2028. Orodha hiyo si kizibo cha matundu, lakini ni macho ya mlinzi. Na watu wachache wanajua kwamba inaweza kushushwa kama faili moja ku ukurasa wa Microsoft, kwa kompyuta yenye iko na rezo nzuri Bunia, ikatiwa ndani ya flashi safi, ikapelekwa Nizi na kupakiwa nyumbani bila intaneti. Ukienda Bunia mara moja kwa mwezi, unaweza kurudi nayo. Lakini kwanza fungua Sécurité Windows na uangalie kama mlinzi ameamka ao amelala.

Kusema kizibo hakina maana kama hakifiki kwa wakati, mfano mkubwa ni WannaCry. Microsoft ilitoa kizibo cha tundu lile mwezi Machi 2017. Tarehe 12 Mei 2017, miezi miwili baadaye, virusi ilipita ndani ya tundu hilo hilo na kushika kompyuta zaidi ya 200 000 katika nchi karibu 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Wale hawakukosa pesa za mega. Kompyuta zao zilikuwa hazijapokea kizibo tu.

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni kutenganisha flashi. Moja ya barabara, moja ya nyumba. Ile ya barabara inabeba tu faili la kuchapisha siku hiyo, katika PDF, na ikirudi inaformatwa kabla ya kufungua chochote. Ile ya nyumba haitoki, hata kwa jirani, hata kwa shemeji. Hapo ndipo kuna ugumu wenyewe, maana kumnyima shemeji flashi ni jambo la kuzungumzwa katika familia. Njia nyingine ni kumtumia kijana wa sekretaria faili kwa WhatsApp ao Bluetooth, flashi isiingie kwake hata kidogo.

Lakini WhatsApp nayo iko na mlango wake. Watu wanafungua WhatsApp kwa kompyuta ya sekretaria ili kushusha barua, wanamaliza, wanaenda. Konti inabaki wazi pale. Mtu mwenye atakaa nyuma anaweza kusoma na kuandika kwa jina lako. Kwa mahali pengine hiyo ni aibu ya kawaida. Kwa Ituri, penye vita ilirudi Djugu tangu Desemba 2017 na uvumi mmoja katika grupu unaweza kufanya watu wafunge mizigo usiku, ujumbe wenye umetoka kwa namba yako ni jambo lenye unaweza kuulizwa. Katika simu, ndani ya mipangilio ya WhatsApp, kuna sehemu inaitwa Appareils connectés. Ukikuta pale kompyuta yenye huijui, unaigusa na kuiondoa. Facebook na barua za Gmail nazo ziko na sehemu kama hiyo.

Sheria iko. Kongo ilipata Code du numérique kwa ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuingia katika kompyuta ao konti ya mtu bila ruhusa ni kosa lenye adhabu. Lakini tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya état de siège, na kesi za makosa ya jinai zilipewa mahakama za kijeshi, zenye ziko na mauaji na uporaji wa kuhukumu. Mtu mwenye ameibiwa neno la siri la Facebook hawezi kutegemea kwamba faili lake litakuwa la kwanza mezani. Kwa sasa ulinzi mkubwa uko mikononi mwa mwenye kompyuta.

Ndiyo sababu kopi ni jambo la kwanza kabla ya antivirusi yoyote. Orodha za shule, kitabu cha deni za duka, picha za marehemu mzazi, hati ya shamba yenye ilipigwa picha: vyote viwe mahali pawili, na mahali pa pili pasiwe pameunganishwa na kompyuta, sababu virusi yenye kufunga mafaili inafunga pia flashi yenye imesahauliwa ndani. Watu wa Djugu wanajua kukimbia. Kompyuta ni nzito, inaachwa ama inaporwa njiani. Flashi ya nyumba inaingia ndani ya kitambaa pamoja na kadi ya mchaguzi na karatasi za shule. Kopi ifanywe siku yenye mtu ataikumbuka, kwa mfano Jumapili jioni, na ifunguliwe mara moja moja kuona kama mafaili yanasomeka, maana flashi za bei ndogo zinakufa bila kutoa habari.