Upepo Nao Ni Injini

Wengi hudhani kwamba chombo cha kupeleleza sayari hakina budi kusukumwa na moto wa roketi mwanzo hadi mwisho. Mimi naona sivyo. Roketi yafaa kutoka duniani na kuvuka anga tupu. Lakini penye hewa nzito upepo ni injini bora, kwani hauishi wala haununuliwi.

Tutazame Zuhura. Joto la nchi yake lapata digrii 460, na hewa hugandamiza kiasi cha mara 90 kuliko hapa kwetu. Vyombo vilivyotua huko havikudumu hata saa tatu. Lakini mwaka 1985 Warusi waliachia mabaluni mawili katika hewa ya Zuhura, moja kutoka Vega 1 na jingine kutoka Vega 2. Yalielea kama kilomita 54 juu, penye joto la kuvumilika. Kila moja lilichukuliwa na upepo zaidi ya kilomita 10,000 kwa muda wa saa 46 hivi, likipeleka habari, bila tone la mafuta ya kulisukuma.

Huenda mwenzangu akasema baluni huenda utakako upepo, si atakako mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, lakini jibu lake lilionekana hapa jirani. Mwaka 2020 kampuni ya Loon ilieneza intaneti Kenya kwa mabaluni yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 angani. Yalirushwa Marekani! Baluni lilipotaka kugeuka lilipanda au kushuka hata likakuta upepo wa njia yake. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2021 kwa sababu ya gharama, wala si kwa kushindwa kuongozwa. Nahodha wa jahazi hungoja kusi na kaskazi. Baluni huzitafuta pepo juu na chini.

Basi, hayo yatuhusu nini? Wengi wetu huiacha Fizikia baada ya kidato cha pili, wakisema ni elimu ya wenye mitambo mikubwa. Lakini upepo hauchagui tajiri. Naomba shule yetu isimike mlingoti wenye kitambaa, tuandike kila asubuhi na jioni upepo watoka wapi. Wenzetu wa Mtae, walio juu ya milima, nao waandike saa zile zile. Tukilinganisha madaftari tutajua kama upepo wa juu na wa chini hutofautiana, na elimu hiyo ndiyo usukani wa baluni.