Mbwa wa mbegu safi: uzuri kwetu, mateso kwao

Najua wengine mtauliza, Muislamu wa Pwani ana nini na mbwa? Subirini kidogo.

Oktoba 2023, Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kuwa kuzalisha mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, kwa namna inavyofanywa huko, ni kuvunja sheria ya kulinda wanyama. Mbwa hawa wadogo hupendwa kwa macho yao ya huruma, lakini wengi huugua moyo, na wengine fuvu halitoshi ubongo. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya rufaa ilikataa kumpiga marufuku bulldog wa Kiingereza, ingawa pua yake bapa humnyima pumzi, na majike wengi huzaa kwa kupasuliwa kwa sababu vichwa vya watoto ni vikubwa.

Hali hii haikuja bahati mbaya. Mnyama anayeshinda mashindano kwa umbo ndiye anayezalishwa sana, na mbegu haitoki nje ya ukoo. Mfugaji wa mbuzi wa Kwale anajua lazima abadilishe beberu, asije akapanda binti zake. Lakini mwenye cheti cha nasaba huona kuchanganya damu ni aibu, na maradhi yanarithiwa pamoja na uzuri.

Wala tusijitoe. Mbwa wa ulinzi aina ya German Shepherd, anayetafutwa sana hapa kwetu, hurithi ubovu wa nyonga. Na kwa wasiofuga mbwa, mtazameni paka wa Kiajemi mwenye uso bapa: machozi hayakauki, pumzi ni ya kukoroma. Huyo yumo majumbani mwetu.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamkamata anayempiga mnyama au kumnyima chakula. Je, anayemzalisha huku akijua ataugua maisha yake yote, tumwite nani?

Tumefundishwa kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Ikiwa kiu ya mbwa ina uzito huo, pumzi yake je?

Kwa hivyo ndugu yangu, kabla hujatoa pesa, omba kuwaona baba na mama wa huyo mtoto. Wasikilize wanavyopumua. Ukisikia wanakoroma wakiwa macho, funga pochi yako urudi nyumbani. Bila mnunuzi, biashara hii haina miguu.