Kansa haina siku ya kilele

UPEPO WA ZIWA
Na Tabitha Magesa

Kaunta buku la familia yetu liko mezani ninapoandika. Kurasa tatu za mwanzo zimejaa hadi pembeni: jina, kiasi, alama ya vema kwa aliyekwisha kutuma. Ukurasa wa nne una majina sita. Wa tano una mawili, langu na la kaka yangu.

Mama mdogo anaanika na kuuza dagaa Ukerewe. Uvimbe wa titi alizunguka nao miezi saba, zahanati hii na ile, akipewa vidonge, mpaka alipokatwa kinyama kikapelekwa maabara, majibu yakaja: saratani. Bima hana. Akapangiwa dripu sita za dawa ya kansa, moja kila baada ya siku 21. Jumamosi ya wiki ileile tukafungua kundi la WhatsApp, na kufika Jumatano simu ya mweka hazina ilikuwa imepokea shilingi milioni mbili na laki moja. Nililia kwa furaha. Nilidhani tumemaliza.

Fedha zilikwisha kabla ya dripu ya tatu. Hakuna aliyeiba, daftari linaonyesha kila kitu. Vipimo vilichukua sehemu kubwa, dawa mbili tukanunua duka la nje, kilichobaki kikaliwa na njia. Meli kutoka Nansio hadi Mwanza, kwenda na kurudi, kwa watu wawili, maana mtu aliyetoka kwenye dripu hawezi kubeba hata mkoba wake. Chumba cha kulala wakati wa kusubiri majibu ya damu. Chakula. Mara moja damu ilikutwa iko chini, dripu ikaahirishwa kwa wiki nzima, na nauli ile ikawa imekwenda bure. Niliporudi kwenye kundi kuomba tena, wengi walisoma wakanyamaza. Wawili walijitoa. Binamu yangu akaniandikia pembeni: "Dada, si tulishachanga?"

Swali lile liliniuma kwa wiki kadhaa. Leo naona aliuliza kwa haki kabisa. Kuchanga tunakujua sana, ila tumezoea kuchangia jambo lenye tarehe. Kamati ya harusi inakaa vikao vyake ikihesabu siku zilizobaki, na ukumbi ukishalipwa kila mtu anajua amefika. Msibani rambirambi zinasomwa, tunazika, tunatawanyika. Hata harambee ya majirani zetu Wakenya ina siku yake moja, na mgeni rasmi. Kansa haina siku ya kilele. Inataka laki tatu leo, laki mbili baada ya wiki tatu, tena na tena, wakati sisi tulimpa mgonjwa mchango wa harusi, wote kwa mkupuo, kisha tukaenda nyumbani.

Na mgonjwa mwenyewe ana kalenda yake ya fedha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda mitumbwi hulala ufukweni na wanawake wa dagaa hukaa bila kitu cha kuanika. Mwezi wa angani ni siku 29 na ushee. Dripu ni siku 21. Kwa hiyo zipo dripu zilizomkuta mama mdogo ana akiba kibindoni, na zipo zilizomkuta hana hata ya sabuni. Dripu ya tatu iliangukia mbalamwezi. Aliniambia kwenye simu, taratibu, "Mwanangu, hii ya sasa tuiruke tu, nitakwenda inayofuata."

Tafadhali mtu asiruke. Ziwa hili letu la Victoria lina kansa yake ambayo dunia nzima inaisoma vitabuni: uvimbe wa taya wa watoto, alioueleza Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Ni miongoni mwa kansa zinazosikia dawa haraka sana. Taya lililovimba linaweza kunywea ndani ya siku chache, mtoto akacheka, akaomba ugali. Hapo ndipo mzazi aliyeishiwa, mwenye wengine wadogo aliowaacha nyumbani, hushawishika kuondoka na mwanawe. Dripu zilizobaki zikikosekana ugonjwa hurudi, na safari hii huwa mgumu zaidi. Siwezi kumlaumu mzazi huyo. Nauliza tu tulikuwa wapi sisi tuliochanga wiki ya kwanza.

Nakumbuka enzi ambazo mgonjwa wa kansa wa kanda hii njia yake ilikuwa moja, hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja. Leo hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, inatoa dripu na mionzi. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Anayeweza kupata kadi aipate angali mzima. Lakini kadi hailipi meli. Hailipi kitanda cha msindikizaji, wala siku ambazo mgonjwa hakuanika dagaa.

Dripu ya nne tuliipanga upya. Kaka yangu alikwenda kwanza ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, mahali ambapo tulipaswa kuanzia, akauliza kipi kinaweza kusamehewa na kipi hakiwezi. Kisha tukaandika tarehe zilizobaki na kuzigawa. Ya nne wakaichukua ndugu wa Shinyanga. Ya tano wakaichukua kina mama wa dagaa wenzake, wakatoa kabla mwezi haujajaa. Binamu yule aliyeniuliza hakutoa shilingi: alitoa kitanda nyumbani kwake Igoma, Mwanza, na uji asubuhi, na hicho ndicho kilichotuokolea fedha kuliko mchango wowote. Kila jina likabeba mzigo mmoja wenye tarehe, na watu waliokuwa wamenyamaza wakaanza kupokea simu zangu.

Mama mdogo alimaliza dripu zote sita. Sasa anameza kidonge kila siku na kuhudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu. Kliniki ijayo iko ukurasa wa kumi na moja. Nauli ya meli: mimi. Kitanda: Igoma. Msindikizaji: bado hajapatikana, na jioni hii nawapigia simu Shinyanga.